Litungu la Wakurya na Masikio ya Wahakiki

Litungu, ambalo Wakurya wa Tarime na Serengeti huliita iritungu, lina nyuzi nane na ni miongoni mwa vinubi vikubwa na vyenye sauti nzito zaidi Afrika Mashariki. Mwili wake ni bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili huinuka kutoka humo kubeba mti wa kukingama, ambako nyuzi hufungwa. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe, siku hizi nailoni hutumika sana.

Masikio mageni hunasa kwanza mkwaruzo. Uzi ukipigwa hutetemeka ukigusana na daraja, na kila sauti hutoka na mvumo wa nyuki waliochokozwa. Anayedhani hiyo ni kasoro hajaelewa kazi ya fundi, kwa maana mvumo huo hutafutwa makusudi. Juu yake mpigaji hurudia kipande kifupi cha besi, akikipinda kidogo kila kinaporudi, huku akiimba sifa za ng'ombe, koo na mashujaa. Urahisi wa upigaji huu ni wa kusikia tu. Kuweka mkono thabiti na ulimi huru kwa wakati mmoja ni kazi ya miaka.

Jirani tu, Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, Wajaluo wana kinubi chao, nyatiti. Mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugonga nayo mti wa chombo, huku njuga zikilia. Nyuzi, mdundo na sauti ya mtu mmoja hukamilisha bendi ya watatu.

Watatu halisi, ambao nao waliutafuta mkwaruzo makusudi, walikutana New York tarehe 10 Julai 1964: Albert Ayler kwenye saksafoni, Gary Peacock kwenye besi na Sunny Murray kwenye ngoma. Albamu yao ya jazi huru, Spiritual Unity, haina piano, na saksafoni yake hukoroma na kupasuka kwa hiari. Jazi huru ilikuwa tayari imewagawa wahakiki. Mnamo Januari 1962 jarida la Down Beat lilichapisha hukumu mbili kuhusu albamu ya Ornette Coleman, Free Jazz: mhakiki mmoja alitoa nyota tano, mwingine hakutoa hata moja.

Ukuryani hukumu haisubiri jarida. Arusini au kwenye sherehe za tohara, wimbo uliokolea huwainua watu wakacheza na kumtuza mpigaji. Uliopwaya huachwa upite, mazungumzo yakiendelea.