Kulikariri Jina la Mungu katika Maombi ya Wakristo: Hoja ya Kuachwa na Hoja ya Kushikwa

  

Katika mihadhara ya kulinganisha dini iliyoenea Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1980, ipo hoja moja ambayo vijana wetu huipenda mno. Mhadhiri huifungua Injili ya Mathayo, sura ya 6, aya ya 7, ambamo Nabii Issa (A.S.) anasimuliwa kuwakataza wafuasi wake wasiombe kama wanavyoomba watu wa mataifa. Kisha huuliza: "Mbona nyinyi mnashika rozari na kurudia maneno yale yale? Mbona mnaita Bwana, Bwana, Bwana?" Watu hupiga takbira, na mada hufungwa hapo.

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyesilimu akiwa mtu mzima, aliipeleka hoja hiyo nyumbani kwa mama yake. Mama hakukasirika. Alimtazama mkononi akamuuliza: "Na hiyo tasbihi, mwanangu, unahesabia nini?" Kijana alikosa jawabu. Alinijia usiku ule akitaka kujua kama dhikri zetu nazo zimekatazwa. Hoja inayomrudia mwenye kuitoa, na ikamtia shaka katika ibada iliyothibiti, yapasa ikaguliwe kabla haijapandishwa tena jukwaani.

Andiko lenyewe linakataza nini?

Tuanze na lafdhi. Neno la Kigiriki lililotumika katika andiko hilo ni *battalogein*, neno adimu ambalo katika Agano Jipya limekuja mahali hapo tu, na wafasiri wamehitilafiana katika maana yake. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka imelifasiri kuwa kupayuka-payuka. Kila mjuzi wa Kiswahili anafahamu kuwa kupayuka ni kusema ovyo bila kiasi, na si kurudia neno. Tafsiri ya Kiarabu ya Van Dyck, iliyokamilika mwaka 1865, imetumia neno la kukariri, lakini imelifunga kwa kauli ya *baatilan*, yaani bure, pasina haki. Mwanafunzi wa Usulul Fiqhi anajua kwamba katazo likija na sharti, haifai kuliondoa sharti kisha ukalitumia katazo kwa ujumla wake.

Zaidi ya hayo, Injili hiyo hiyo, katika sura ya 26 aya ya 44, inasimulia kwamba Issa (A.S.) aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inamalizikia kwa kiitikio kimoja. Basi Mkristo anayejua kitabu chake ataijibu hoja yetu kwa dakika mbili. Nasi hatulazimiki kuyasadiki masimulizi hayo wala kuyakadhibisha pasipo dalili. Ila ukitaka kumhoji mtu kwa kitabu chake, amana inakutaka ukisome chote.

Historia ya ukariri wao

Kukariri jina au ombi fupi si jambo jipya kwa Wakristo. Cassian, aliyeishi na watawa wa Misri, aliandika katika karne ya 5 kwamba walikuwa wakikariri aya moja ya Zaburi mchana na usiku. Diadochos, askofu wa Photike katika nchi ya Wagiriki, naye wa karne hiyo hiyo, alifundisha kuliita jina la Bwana Yesu bila kukoma. Wakopti wa Misri hadi leo hukariri ombi la "Bwana, rehemu" mara 41 katika sala zao za saa.

Lililo mashuhuri zaidi ni lile liitwalo Sala ya Yesu, la Kanisa la Othodoksi, ambalo lina wafuasi pia Kenya, Uganda na Tanzania. Ni ombi fupi ambalo ndani yake Issa (A.S.) huitwa Bwana na Mwana wa Mungu, na huombwa rehema. Watawa hulihesabu kwa kamba yenye mafundo, ambayo mara nyingi huwa 100. Mwaka 1782 mafundisho yao yalikusanywa na kuchapwa Venice katika kitabu kiitwacho *Philokalia*. Baadaye, katika karne ya 19, kikachapwa Urusi kitabu cha msafiri asiyetajwa jina, ambaye mwalimu wake alimwamuru alikariri ombi hilo mara 3,000 kwa siku, kisha 6,000, kisha 12,000.

Baadhi ya waandishi wa Ulaya wakiona mafundo na hesabu hizi husema kwamba dhikri yetu imetoka kwa watawa. Wengine hugeuza wakasema watawa wameiga masufi. Kwa upande wa asili ya kukariri, tarehe tulizozitaja zinaonyesha kuwa wao walikuwa nayo kabla ya Hijra. Ama sisi, amri yetu ya kumtaja Mola kwa wingi iko katika Suuratul Ahzaab, aya ya 41. Na hesabu ya Subhaana Allah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 33 baada ya swala, kisha ya mia ikatimizwa kwa tahlili, imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) katika Swahihi Muslim. Dini yetu haihitaji kuazima kwa mtawa, wala haipungukiwi ikiwa mtawa naye anahesabu.

Tofauti iko kwa anayeitwa

Hapa ndipo penye hoja ya kushikwa. Kosa kubwa la mhadhiri wetu ni kwamba ameacha shina akakata tawi. Amegombana na idadi, na nani anayeitwa hakuuliza. Lau angeuliza, angeona kuwa maombi haya hayako katika daraja moja.

La kwanza ni mtu kumwita Mola aliyeumba mbingu na ardhi amrehemu. Maneno haya kwa lafdhi yake ni ya haki, hata kama itikadi ya msemaji ina kasoro. La pili ni kumwita Issa (A.S.) kwa sifa ya Mwana wa Mungu, na hili ndilo ambalo Qur'ani imelikanusha waziwazi. La tatu ni rozari, ambayo katika mafungu yake matano Salamu Maria husomwa mara 50, mbali na zile 3 za mwanzo. Humo anayetajwa zaidi na kuombwa shafaa ni Bibi Maryam. Katika Suuratul Maida, aya ya 116, tunaelezwa swali atakaloulizwa Issa (A.S.) kuhusu yeye na mama yake, na namna atakavyojitenga na madai hayo.

Wao wenyewe shida hii wamewahi kuihisi. Katika magofu ya Kellia, Misri, waliko kaa watawa wa kale, pamepatikana maandishi ya ukutani yanayojibu wasiwasi huu: mwenye kumwita Yesu peke yake, je, hajamwacha Baba na Roho Mtakatifu? Jawabu lao lilikuwa ni itikadi ya Utatu. Ukimuuliza jirani yako swali hilo kwa upole, umelifikia shina la ikhtilafu.

Aya ya Suuratul Hajj

Katika Suuratul Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu ametaja mahekalu ya watawa, makanisa, masinagogi na misikiti, kisha akataja kukithirishwa kwa jina Lake "ndani yake". Je, dhamiri hii inarejea wapi? Ibn Kathir amenakili kauli kwamba inarejea kwenye misikiti, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa karibu zaidi, na hii ni kanuni inayojulikana katika nahau. Amenakili pia kauli ya Adh-Dhahhaak kwamba humo mote jina la Mwenyezi Mungu hutajwa kwa wingi. Imamu At-Tabari ameelekea upande wa misikiti.

Hata ukiifuata kauli ya At-Tabari, aya inabaki kuwa imezitaja sehemu hizo katika muktadha wa kulindwa zisibomolewe. Wala katika kauli ya Adh-Dhahhaak hakuna ruhusa ya Muislamu kwenda kukariri pamoja nao. Kutambua kuwa Mola anatajwa mahali ni jambo moja, na kushiriki ibada ya mahali hapo ni jambo jingine. Basi wale wanaoandika siku hizi kuwa dhikri na Sala ya Yesu ni kitu kimoja chenye majina mawili, nao wamekosea kwa upande wa pili. Wametazama kamba na pumzi, wakaacha shahada.

Mizozo yao na mizozo yetu

Karne ya 14 Barlaam wa Calabria aliwakejeli watawa wa Mlima Athos waliokuwa wakiinamisha kichwa kifuani na kudhibiti pumzi wakati wa kukariri. Gregory Palamas akawatetea, na mabaraza ya Constantinople ya mwaka 1341 na 1351 yakamuunga mkono. Huyu Palamas alitekwa na Waturuki Waothmani mwaka 1354, akajadiliana na Waislamu akiwa mateka.

Mzozo mwingine ulizuka baada ya mtawa Ilarion kuchapisha kitabu chake mwaka 1907. Wakatokea watawa wa Kirusi katika Mlima Athos waliosema kwamba jina la Mungu ni Mungu mwenyewe. Kiongozi wao mmoja, Antony Bulatovich, alikuwa askari aliyewahi kuandamana na jeshi la Menelik wa Uhabeshi hadi Ziwa Turkana mwaka 1898. Mwaka 1913 Sinodi ya Urusi ililaani kauli yao, na watawa zaidi ya 800 wakaondolewa kwa nguvu na kusafirishwa kwa meli.

Nasi tunayo mas-ala hii: je, jina ndilo mwenye jina, au ni jingine? Imamu At-Tabari aliihesabu kuwa ni katika upumbavu uliozuka, usio na athari ya kufuatwa, akatosheka na aya ya 180 ya Suuratul A'araf inayosema kuwa Mwenyezi Mungu ana majina mazuri, basi aombwe kwayo. Laiti watawa wale wangepata jawabu fupi kama hilo.

Vilevile wanachuoni wetu wamehitilafiana juu ya kukariri "Allah, Allah" peke yake. Imamu Al-Ghazali ameitaja katika *Ihyaa*. Ibn Taymiyya ameikataa katika *Al-'Ubuudiyya*, akisema kuwa jina pweke si kauli iliyotimia. Wanaoijuzisha hutegemea Hadithi ya Anas (r.a.) katika Swahihi Muslim, kwamba Kiyama hakitasimama hadi pasiwe na mwenye kusema "Allah, Allah", na wanaoikataa huielewa kwa riwaya ya Imamu Ahmad yenye tahlili. Hii ni ikhtilafu ya wenye elimu, wala si mahali pa kuitana majina msikitini.

Kwa mintaarafu ya sauti, Hadithi ya Abu Musa (r.a.) katika Bukhari na Muslim yatutosha. Swahaba walipopaza takbira safarini, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wajihurumie nafsi zao, kwani hawamwiti kiziwi wala aliye mbali. Hapo utaona kwamba hata sisi tumefundishwa tusipayuke.

Hitimisho

Kwa ufupi, hoja ya kwamba Wakristo wamekatazwa kukariri iachwe, kwa kuwa dalili yake ni dhaifu na inatugusa sisi. Hoja ya nani anayestahiki kuitwa ishikwe, kwa kuwa ndiyo ujumbe wa Mitume wote. Muislamu asishiriki kukariri Sala ya Yesu wala rozari, wala asiikejeli. Suuratul Ankabut, aya ya 46, imetuamrisha kujadiliana na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora.

Kijana yule nilimwambia arudi kwa mama yake, aanze kwa kumuomba radhi kwa kejeli, kisha amjibu swali lake: "Mama, hapa namhesabia Yule aliyekuumba wewe na Maryam na Issa." Alikwenda. Mama, alivyonisimulia, alinyamaza kitambo, kisha akamtaka amfasirie maneno anayoyasema, moja baada ya jingine.

Wallaahu a'lam. Wabillahi tawfiq.