Kila Bomba na Sauti Yake

Mzee alishuka polepole kwenye chemba ya bomba la maji, mguu mmoja kisha mwingine, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sanduku la vifaa aliliacha limefungwa. Alitoa mfukoni uzi wa katani, akauzungusha kwenye bomba, akabana kwa kucha pale ncha ilipokutana na mwenzake, kisha akaunyoosha juu ya futi. Hesabu ya kugawa kwa 3.14 aliifanyia kiganjani, kwa kalamu ya wino.

"Usiniulize mashine inasemaje, mwanangu," aliniambia. "Kwanza tulijue bomba."

Nilikuwa kijana wa kumbebea mzigo hapa Dar es Salaam, na kazi ile ya kupima maji bombani niliiona ndogo. Vihisi viwili vinafungwa nje ya bomba kwa mkanda, vinarushiana sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Sauti iendayo na maji hutangulia, ile ipingayo maji huchelewa, na katika tofauti hiyo, ambayo mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, ndimo unamosoma mwendo wa maji. Hakuna kukata bomba wala kufunga maji ya watu. Nilidhani ukishakuwa na kifaa umemaliza.

Sandukuni mwake mlikuwa na jozi tatu za vihisi: ndogo, ya kati na kubwa. Ufundi wake wote ulikuwa katika kuchagua. Wanaojua ngoma watanielewa, maana mvumo mzito wa msondo hufika kijiji cha pili, ilhali mlio mwembamba wa chapuo huishia uani. Bomba pana, nene au lenye kutu alilipa jozi kubwa yenye sauti nzito inayosafiri. Bomba jembamba alilipa jozi ndogo yenye sauti nyembamba, kwa sababu humo safari ni fupi na kinachotakiwa ni usahihi.

Lakini upana haukumtosha. Alilikwaruza bomba mpaka chuma kikang'aa, akalifuta kwa kitambaa, kisha akaligonga kwa spana huku amefumba macho. Nayakumbuka macho yale yaliyofumbwa kuliko namba zote tulizoandika. Chuma kitupu kilimjibu kwa mlio mrefu. Bomba lililopakwa saruji ndani lilijibu kwa mkato, na pale saruji ilipoachana na chuma lilitoa mlio wa uwazi, naye akasogea mbele. Alijua hewa imekaa katikati, na sauti ingefia hapo. Chuma cha zamani cha kumimina, kile kinachovunjika badala ya kupinda, alisema hutawanya sauti kama mchanga unavyotawanya maji. Plastiki laini huimeza. Kila bomba na tabia yake, na kila tabia na jozi yake.

Unene wa ukuta aliupima zaidi ya mahali pamoja. Katika bomba la milimita 100, ukikosea unene kwa milimita moja tu, hesabu yako ya maji inaweza kupotoka kwa takriban asilimia nne. Mzee aliihesabu asilimia hiyo kama ndoo za watu.

Kisha alipaka jeli, ndugu ya ile jeli baridi wanayoijua kina mama waliopimwa mimba kwa altrasaundi. Hapo kipimo cha tumboni hospitalini na kazi ya chembani ni kitu kimoja: hewa ikibaki katikati, hakuna habari itakayopita. Alifunga ubavuni, saa tatu na saa tisa, kamwe si juu panapokusanyika hewa wala chini panapolala tope. Na baada ya kona alihesabu upana wa bomba mara kumi ndipo akafunga, ili maji yawe yametulia.

Watu wamechunguza maji kwa sauti tangu zamani. Mwaka 1826, katika Ziwa Geneva, Colladon na Sturm waligonga kengele chini ya maji na kuisikiliza kutoka mashua ya mbali, wakapata kuwa sauti hukimbia humo mita 1,435 kwa sekunde. Na kwetu mabomba ya maji nayo si ya jana: Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi. Mtambo wa Ruvu Juu, unaoleta maji Dar es Salaam, ulianza 1959, na wa Ruvu Chini 1976. Mabomba ya zama hizo yalijengwa na watu waliojua kila kiungo.

Siku hizi naona kikosi kikishuka na jozi moja kwa mabomba yote. Aina ya bomba wanaichagua kwenye orodha ya skrini kwa kukisia, wanafunga juu, karibu na kona, na namba ikitokea wanaipiga picha. Kuna mahali, sitapataja, namba ya namna hiyo ilidai maji yanavuja. Barabara ilichimbwa siku tatu, bomba likakutwa zima. Kosa lilikuwa la kuchagua, lakini lawama ikaangukia kifaa, kikaagizwa kingine.

Mzee alistaafu, akaacha daftari. Kila chemba ina ukurasa wake: mzunguko, unene, aina ya chuma, jozi iliyosikika vizuri, ubavu gani. Mara ya mwisho nililiona stoo, limekaliwa na kopo la rangi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakubwa wa maji, kabla ya kununua kifaa kipya, mpeni kijana mmoja uzi wa katani na mumpeleke kwa wazee wa aina hii wakiwa wangali hai. Jozi za vihisi zinauzwa. Sikio la kuzichagua haliuzwi.