Kufunga Njia Kabla ya Kung'oa Mataruma

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ikipita karibu na njia kuu ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ilikuja na njia moja tu. Ilifika Kigoma 1914, tawi la Mwanza likaongezwa 1928, na treni za pande tatu zikawa zinakutana Tabora. Fundi akitaka kung'oa mataruma kati ya stesheni mbili, haitoshi kuona treni ya mwisho imepita. Stesheni zote mbili lazima zizuiwe kutoa kibali cha treni nyingine kuingia.

Kwenye taima za Linux, sharti hilo la pili lilikosekana kwa miaka mingi.

Draiva ya mawasiliano, kama ya Bluetooth, hutega taima: chipu isipoitikia ishara ya kuamka, itumiwe tena. Bluetooth ikizimwa, draiva hufuta taima na kuachia kumbukumbu yake. Taima ikibaki imetegwa, italia ndani ya kumbukumbu ambayo huenda imeshapewa kazi nyingine, na mfumo mzima unaweza kuanguka. Mwaka 2022 Steven Rostedt wa Google alikuwa akifuatilia ajali za namna hii kwenye Chromebook. Ripoti zilielekeza kidole kwenye msimbo wa taima wenyewe, usio na hatia. Draiva iliyokosea ilikuwa imeshaondoka.

Mfano mzuri ni hci_qca, draiva ya Bluetooth ya chipu za Qualcomm. Taima iliweza kupeleka kazi kwenye foleni, na kazi zilizo kwenye foleni ziliweza kuitega taima upya. Ukifuta taima kwanza, kazi iliyosalia itaifufua. Ukivunja foleni kwanza, taima itapeleka kazi kwenye foleni ambayo haipo. Waandishi wengine wa draiva hapo huongeza kusubiri kwa milisekunde chache, dawa ya kuifanya ajali iwe adimu na ngumu zaidi kuikamata.

Suluhisho lililokamilishwa na Thomas Gleixner liliingia Linux 6.2, Februari 2023, kwa jina la timer_shutdown_sync. Hufuta taima, husubiri iliyo katikati ya kazi kwenye prosesa nyingine imalize, kisha hufuta anwani ya kazi iliyopaswa kuitwa. Anayejaribu kuitega tena hupuuzwa, bila hata ujumbe wa kosa. Kwenye hci_qca taima zake mbili hufungwa hivyo kwanza, ndipo foleni inavunjwa; kazi zilizobaki humo humalizika, na zikijaribu kutega taima haziambulii kitu.