Alice Childress: Mwigizaji, Mwandishi wa Riwaya, na Mashaka ya Neno "Tamthilia"

Mfasiri anapokabidhiwa wasifu wa mtu aliyefanya kazi moja tu maishani mwake, shida yake huwa ndogo. Seremala ni seremala, na mwalimu ni mwalimu. Lakini mtu aliyeanza kwa kuigiza jukwaani, akatunga michezo, akaiandikia televisheni, kisha akaandika riwaya na hatimaye akaigeuza riwaya yake kuwa filamu, humlazimisha mfasiri kufungua kila kasha la istilahi alilo nalo. Hapo ndipo agunduapo kwamba kasha moja ni tupu, na jingine limetiwa vitu viwili visivyofanana.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi ya mtu wa namna hiyo, Alice Childress wa Marekani, aliyefariki mwaka 1994. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake ni nzuri, nayo haisomwi sana miongoni mwetu. Pili, karibu kila hatua ya uandishi wake ilikuwa ni ugomvi juu ya majina: nani ana haki ya kumwita nani, na kwa neno lipi. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kutafuta na kusanifisha majina ya vitu, ugomvi huo si wa mbali.

Mwigizaji na kuiga

Childress alizaliwa katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, akalelewa na bibi yake huko Harlem, New York. Hakumaliza shule ya sekondari. Chuo chake kilikuwa American Negro Theatre, chama cha waigizaji Weusi kilichoanzishwa Harlem mwaka 1940, ambacho michezo yake ya mwanzo ilionyeshwa katika ukumbi wa chini wa maktaba ya umma. Alikaa na chama hicho takriban miaka kumi, akiigiza na kuongoza. Mchezo wao uitwao Anna Lucasta ulipohamia Broadway mwaka 1944, yeye alikuwa miongoni mwa waigizaji wake.

Hapa istilahi ya kwanza inajitokeza. Neno "mwigizaji" linatokana na kuiga. Linafaa, lakini lina mtego: linadokeza kwamba kipo kitu cha asili, na kazi ya mwigizaji ni kukirudufu. Mwigizaji Mweusi wa Marekani wa miaka ile aghalabu alitakiwa aige kitu kisichokuwako. Alipewa sehemu za vijakazi wacheshi na akina mama watiifu, kama walivyowaziwa na Wazungu, si kama walivyokuwa majumbani mwao. Ndiyo maana Childress alishika kalamu.

Mchezo wake wa kwanza, Florence, uliochezwa mwaka 1949, unatukia katika chumba cha kungojea treni katika jimbo la kusini, chumba kilichogawanywa kati ya Weusi na Weupe. Mama mmoja Mweusi anangoja treni ili akamrudishe nyumbani binti yake, ambaye amekwenda New York kutafuta kazi ya kuigiza na hafanikiwi. Anazungumza na mwanamke Mzungu anayejiona kuwa mpenda haki. Mama anaomba msaada kwa ajili ya binti yake mwigizaji. Mwanamke yule anakubali kwa moyo mkunjufu, na msaada anaoutoa ni kumtafutia binti huyo kazi ya utumishi wa ndani. Mama anaghairi safari, na fedha za nauli anampelekea binti yake ili aendelee kujaribu. Mchezo ni wa tendo moja tu. Mwanamke Mzungu hasemi neno la matusi hata mara moja, nasi twaona ubaguzi wote umekaa ndani ya ukarimu wake.

Trouble in Mind, uliofunguliwa New York mwaka 1955, unaendeleza hoja hiyohiyo. Waigizaji wanafanya mazoezi ya mchezo unaojidai kupinga mauaji ya Weusi kwa kundi la wahuni. Mwigizaji mkongwe Wiletta Mayer anapewa sehemu ya mama anayemtoa mwanawe mikononi mwa wauaji. Anauliza swali dogo: ni mama gani afanyaye hivyo? Kiongozi wa mchezo hana jibu, na mazoezi yanavunjika. Yaliyompata Wiletta yakampata na mtunzi. Kulikuwa na mpango wa kuupeleka mchezo huo Broadway mwaka 1957, kwa sharti kwamba mtunzi aubadilishe ili uwapendeze watazamaji. Childress hakukubali kuubadilisha kama walivyotaka, na mpango ukafa. Mchezo ulifika Broadway mwaka 2021, miaka ishirini na saba baada ya kifo chake.

Mtu wa nyumbani

Mwaka 1956 alitoa kitabu Like One of the Family, ambacho kichwa chake twaweza kukifasiri kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Kama Mtu wa Nyumbani". Ni mkusanyiko wa masimulizi mafupi 62, ambayo mengi yalitoka kwanza katika Freedom, gazeti la Paul Robeson. Msemaji ni Mildred, mfanyakazi wa nyumbani, anayemweleza rafiki yake Marge mambo yaliyompata kazini. Katika simulizi la kwanza, bibi mwenye nyumba anamwambia mgeni kwamba Mildred ni kama mtu wa familia. Mildred anamjibu kwa kuhesabu: anakula wapi, nani analala kitandani na nani anakitandika, kitu gani kingetokea kama angepumzika siku moja kama watu wengine wa familia hiyo. Ni hoja ya istilahi tupu. Bibi ametumia neno tamu kulipia kazi ambayo hakutaka kuilipia kwa fedha.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa jambo hili. Sisi nasi tumesema "mtu wa nyumbani", na "binti yetu", na mshahara ukangoja. Na tazama neno "mtumishi". Likifuatwa na "wa umma" ni cheo cha heshima, na wasomaji wengi wa jarida hili wanalibeba. Likifuatwa na "wa ndani" linashuka mpaka jikoni. Neno ni moja. Kinacholipandisha na kulishusha ni mlango unaofuata. Tangu Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wa mwaka 2011 kuhusu kazi hii, "mfanyakazi wa majumbani" limezidi kutumika katika maandishi rasmi. Mfasiri wa Childress hana budi kulitumia pale Mildred ajitajapo mwenyewe, na kuliacha "mtumishi" au "kijakazi" midomoni mwa matajiri wake. Akiyachanganya, amefuta kitabu.

Lipo na suala la fani. Marge hasikiki hata mara moja. Twajua amesema kitu kwa sababu Mildred anamjibu. Wahakiki wengine wangeuita mtindo huu "uzungumzi nafsi". La hasha. Uzungumzi nafsi ni wa mtu aliye peke yake, anayejisemea yaliyo moyoni. Mildred hayuko peke yake. Anasema na mtu, anamkatiza, anamtaka ampishe akae. Tunapendekeza uitwe "usemi wa upande mmoja". Tofauti si ya kujipamba kielimu. Msemi nafsi anatafuta ukweli wake. Mwenye usemi wa upande mmoja anataka kuaminiwa. Mwanafunzi akikosa kuliona hilo, hataona kwa nini Mildred mara nyingine anatia chumvi.

Tamthilia ni ipi?

Sasa tufike kwenye mashaka yaliyotupa kichwa cha makala. Neno "tamthilia" limetufikia kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa methali na mithili: yote yamo katika wazo la kufananisha. Katika madarasa ya fasihi lilisimama kwa maana ya mchezo wa kuigiza ulioandikwa. Katika sebule zetu leo maana yake ni nyingine: ni mfululizo wa televisheni wa Kituruki au wa Kifilipino, uliotiwa sauti za Kiswahili, unaoendelea jioni baada ya jioni. Wako wanaotaka tuufunge mlango na kuyatangaza matumizi ya sebuleni kuwa makosa. Wako wanaosema lugha ni ya wasemaji, na darasa litafute neno jingine. Kazi ya Childress inasaidia kuamua.

Mwaka 1969 alikiandikia kituo cha WGBH cha Boston mchezo Wine in the Wilderness. Ni usiku mmoja, katika chumba kimoja cha Harlem, ghasia zikiwa barabarani. Mchoraji anatengeneza picha ya sehemu tatu kuhusu mwanamke Mweusi: msichana asiye na hatia, malkia mzuri wa Kiafrika, na mwanamke aliyepotea. Kwa sehemu ya tatu wanamletea Tommy, mwanamke wa kawaida ambaye hajui ameitiwa nini. Anapojua, anawageuzia wasomi wale maneno yao, mpaka mchoraji anaona kwamba malkia wake ndiye mwanamke aliyemdharau. Mchezo huu ulizaliwa kwenye televisheni, kisha ukachezwa jukwaani pasipo kubadilika umbo.

Wedding Band ulisafiri kinyume. Ni kisa cha mwaka 1918 huko South Carolina, cha mwanamke Mweusi na mwanamume Mzungu waliopendana miaka kumi, na sheria ikiwazuia kuoana. Pete ya ndoa inavaliwa kwenye mkufu shingoni, kwa kuwa kidoleni haiwezekani. Ulichezwa jukwaani mwaka 1966, ukafika New York mwaka 1972, kisha ukaonyeshwa na televisheni ya ABC mwaka 1974, ambapo baadhi ya vituo vilikataa kuurusha.

Basi, chombo peke yake hakitoshi kuipa kazi jina. Wedding Band haukuacha kuwa tamthilia ulipoingia katika kioo. Kinachoifanya tamthilia ni umbo: tendo lenye mwanzo na mwisho, linalokwenda kwa maneno ya wahusika wenyewe, na ambalo mtunzi alijua mwisho wake alipoandika mwanzo. Kisa cha jioni baada ya jioni hakina umbo hilo. Mwisho wake mara nyingi huamuliwa na idadi ya watazamaji. Kwa hiyo tunapendekeza "tamthilia" libaki kwa mchezo kamili, popote uonyeshwapo. "Tamthilia ya televisheni" liwe la mchezo kamili ulioandikiwa chombo hicho. Na kisa cha vipindi kiitwe "mfululizo wa televisheni" katika maandishi rasmi na mitihani. Sebuleni watu wataita wapendavyo, wala hatuna askari wa kuwazuia.

Riwaya isemwayo

Riwaya yake mashuhuri, A Hero Ain't Nothin' but a Sandwich, ilitoka mwaka 1973. Benjie, mvulana wa miaka kumi na mitatu, ameanza kutumia heroini. Hakuna msimulizi mmoja. Benjie anasema, mama yake anasema, baba wa kambo anasema, walimu wanasema, hata muuza dawa anajitetea. Kila mmoja anapewa sura yake na kuachiwa aseme, kama mwigizaji aliyepishwa jukwaa. Ni usemi wa upande mmoja uliozidishwa, na safari hii msikilizaji asiyesikika ni sisi. Hapa twaona kwamba Childress hakuliacha jukwaa, alilihamishia kitabuni.

Kichwa chenyewe ni mtihani kwa mfasiri. Mjini New York neno lilelile ni la shujaa na la mkate mrefu uliojazwa nyama. Kiswahili hakina neno moja kwa vitu hivyo viwili. "Shujaa Si Kitu Ila Sandwichi" kinaokoa dharau lakini kinapoteza mzaha. Nasi twaona ni heri kupoteza mzaha kuliko kuubuni mwingine usiotoka Harlem.

Kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyoondolewa katika maktaba za shule za Island Trees, jimbo la New York, na shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1982, ambapo bodi ya shule haikupata ushindi iliouomba. Filamu yake, ambayo mswada wake aliuandika mwenyewe, inatufundisha upande wa pili wa hoja yetu. Kamera hutaka jicho moja. Zile sauti nyingi zikawa kisa kimoja cha familia moja, kizuri lakini cha kawaida. Chombo hakiipi kazi jina, ila chaweza kuinyang'anya umbo. Wala si ajabu kwamba twaliita andiko la filamu "mswada", kama vile muswada wa sheria kabla haujapita: mikono mingi bado itaugusa.

Hatusemi kwamba kila alichoandika ni sawasawa. Katika A Short Walk ya mwaka 1979, inayofuata maisha ya mwanamke mmoja tangu mwanzo wa karne hadi Harlem ya Marcus Garvey, historia mara nyingine inamzidi nguvu mhusika, na twahisi tunasomeshwa. Ana nguvu zaidi anapokuwa na chumba kimoja, watu wachache, na neno moja la kugombania.

Tunawaomba walimu wajaribu istilahi tulizopendekeza hapa, hasa "usemi wa upande mmoja", katika kufundisha kazi zetu wenyewe, na wafasiri watujulishe zinapogoma. Istilahi isiyojaribiwa ni kama ile sehemu aliyopewa Wiletta: imeandikwa vizuri, lakini hapana mtu awezaye kuisema.