Namsan: mlima uliorudishwa kwa kubomoa

Alasiri ya tarehe 20 Novemba 1994, maghorofa mawili ubavuni mwa mlima Namsan, katikati ya Seoul, yalilipuliwa huku Wakorea wakitazama kwenye televisheni. Yalijengwa mwaka 1972 kwa ajili ya wageni waliokuwa wakifanya kazi nchini humo. Moja lilikuwa na ghorofa 16, la pili 17. Yalikuwa bado mazima. Kosa lake lilikuwa pale yaliposimama, maana yaliuziba mlima usionekane.

Kuteremsha jengo refu kipande kwa kipande huchukua muda, na mlimani vifusi huporomoka hovyo. Baruti hufanya kazi kwa namna nyingine. Mafundi hutoboa nguzo za ghorofa chache, hasa za chini, hutia baruti matunduni, kisha hupanga milipuko ipishane kwa sehemu ndogo sana za sekunde. Baruti hukata miguu tu. Uzito wa jengo lenyewe ndio unaomaliza kazi, na ule mpishano ndio unaoamua lilalie upande gani. Palipokuwa na sebule za watu leo pana bustani ya maua ya porini na misonobari iliyoletwa kutoka mikoa mbalimbali ya Korea.

Mlima huu una mita 270 hivi tu, lakini umebebeshwa mengi. Mwaka 1396 ukuta wa mji mkuu ulipitishwa mgongoni mwake. Mwaka 1925 watawala wa Kijapani walikamilisha hapo hekalu lao kubwa la Shinto, na kijumba cha Wakorea cha kuombea mizimu kilichokuwa kileleni kikahamishiwa mlima Inwangsan. Mwaka 1956 ikasimamishwa sanamu ya Rais Syngman Rhee, ikaondolewa 1960 alipoanguka. Baadaye idara ya ujasusi iliweka makao yake miteremkoni, na kwa miaka mingi kutamka tu "Namsan" kuliwatia watu hofu, kwa sababu ya mateso ya vyumba vya chini kwa chini.

Ndiyo maana kwangu ile baruti haikuwa sehemu ngumu ya ukarabati wa mlima ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ugumu ulikuwa kuwahamisha wenye nguvu. Kamandi ya jeshi la kulinda jiji ilihama, na eneo lake likawa kijiji cha nyumba za jadi, kilichofunguliwa 1998. Humo kumezikwa chombo chenye vitu vya maisha ya Seoul ya 1994, jiji lilipotimiza miaka 600 tangu liwe mji mkuu. Kitafunguliwa mwaka 2394. Majasusi nao waliondoka 1995. Mpango wowote wa bustani unaoanza na miche kabla ya kumaliza suala la nani anakalia ardhi utakwama, na Seoul walilijua hilo.

Kazi ninayoipenda zaidi ilikuja baadaye. Uchimbaji wa 2013 na 2014 ulifukua msingi wa ukuta wa kale upande wa Hoehyeon. Mawe yenyewe hutaja umri wake: ya 1396 yana mparuzo, hayakuchongwa sana, ya 1422, enzi ya Mfalme Sejong, yamelainishwa kingo kama punje za mahindi, ya 1704 na kuendelea ni ya mraba, yamebanana. Mengine yamechorwa jina la wilaya iliyojenga kipande hicho, ili kikibomoka ijulikane nani wa kuulizwa.

Wenye jiji wangeweza kuinua ukuta mpya juu ya msingi huo. Badala yake waliuacha wazi, wakauezeka, na tangu Novemba 2020 watu wanautazama ulivyo. Karibu yake umebaki msingi wa ukumbi wa sala wa lile hekalu la Kijapani, nao haukung'olewa. Huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa Namsan.