Uhuru Usio na Mwamuzi

Tumesoma tena tangazo la uhuru wa intaneti, aliloliandika Mmarekani John Perry Barlow mjini Davos, Uswisi, tarehe 8 Februari 1996. Siku ile Rais Clinton alitia sahihi sheria ambayo sehemu yake ilikataza kuwapelekea watoto mambo machafu kwa intaneti. Barlow akaziambia serikali kwamba huko hazina mamlaka.

Maneno yake ni ya moto, nasi twausifu ushujaa wake. Lakini twauliza: nani aliulinda uhuru ule? Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu ile, kwa kuwa ilibana uhuru wa kusema. Kumbe mlinzi alitoka katika dola ileile aliyoifukuza!

Wasomaji wapenzi, pasipo mwamuzi, mwenye nguvu ndiye huamua. Penye wazee haliharibiki neno.