Geuza Bakuli Kwanza

Soko la Keumbu, kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, linajulikana kwa ndizi, na mnunuzi wa huko hadanganyiki kwa rangi ya ganda. Bakuli la jiwe la kuziwekea ndizi hizo mezani linahitaji jicho hilohilo.

Jiwe la sabuni la Kisii hutoka Tabaka, ng'ambo ya mji wa Kisii. Huchimbwa kwa mikono, likapunguzwa kwa panga na msumeno, kisha kuchongwa kwa visu na patasi likiwa na unyevu, maana maji hulainisha kazi na kutuliza vumbi. Baadaye huoshwa na kusuguliwa kwa msasa ndani ya beseni la maji, kuanzia msasa mkali hadi laini. Kazi hii ya kusugua hufanywa zaidi na wanawake, na ndiyo inayopandisha au kushusha hadhi ya bakuli. Rangi na nta huja mwisho, na zote mbili zinaweza kuficha makosa.

Kwa hiyo, geuza bakuli kwanza. Kitako hakipambwi, na hapo jiwe huonekana lilivyo: jeupe, krimu, la waridi au kijivu, pengine lenye mishipa. Liweke juu ya meza tambarare na uguse ukingo. Likiyumba, liache.

Kisha lipeleke dirishani, ulielekeze ili mwanga uliguse kwa ubavu. Mistari myembamba kama unywele, yote ikielekea upande mmoja, ni alama za msasa mkali ambazo msasa laini haukuzifuta. Pitisha kidole gumba ndani na cha shahada nje, ukizunguka ukingo wote. Unene usibadilike ghafla.

Ligonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Bakuli zima huitika kwa mlio safi, lenye ufa hutoa mlio uliokufa. Doa lisilo na mng'ao kama sehemu nyingine huenda ni gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe.

Bluu na kijani kali si za jiwe. Ni rangi za kutiwa, wala si kosa, mradi zisichujie kwenye kitambaa chenye unyevu. Nakshi hukwaruzwa kwa ncha ya kisu juu ya rangi hiyo hadi weupe wa jiwe utokeze: tafuta mistari yenye kina kimoja, isiyomeguka kingo.

Jiwe hili halina unyonge. Sanamu ya Ndege wa Amani ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Bakuli lililopita yote hayo hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, likaachwa likauke, ndipo ndizi za Keumbu ziwekwe ndani.